Hudi ya jiko kwa nyumba ya Dodoma: ipi ununue, na uioshe kwa kitu gani

Wifi yangu anajenga Iyumbu. Nyumba imefika kwenye plasta, na wiki tatu zilizopita alinipigia simu akiwa amesimama katikati ya jiko lisilo hata na sinki. "Wifi, wewe una hudi mbili. Fundi anataka jibu leo hii: atoboe ukuta au asitoboe?"

Ni kweli ninazo mbili, zile mashine za kuvuta moshi zinazotundikwa juu ya jiko. Moja iko nyumbani Ilazo, tuliikuta kwenye nyumba tuliyopanga. Ni ya kuzungusha hewa, na chujio lake ni wavu wa alumini. Nyingine iko Kisasa, kwenye chumba ninachopikia vyakula vya oda. Hiyo inatoa moshi nje kwa bomba, na chujio lake ni la vibamba vya chuma. Huu ni mwaka wa nne naziosha zote mbili kwa mikono yangu, kwa hiyo wifi nilimrudishia swali: "Nani ataiosha?"

Dukani utaambiwa habari za nguvu ya kuvuta, taa, kioo na vitufe vya kugusa. Mimi kwanza naangalia kama naweza kushusha chujio mwenyewe, likaingia kwenye beseni, likarudi mahali pake bila kumwita mtu. Hudi iliyojaa mafuta haivuti. Mota inahangaika na kupata joto, moshi unatandaa chumbani, na juu ya moto wako kunakuwa na mafuta yanayosubiri kushika. Kikaango kikilipuka moto chini ya hudi chafu, mwali unapanda moja kwa moja hadi kwenye chujio.

Alizeti na vumbi

Kuna sababu ya kuandika haya kwa mtu wa Dodoma na si kwa mtu wa mahali popote. Huku kati tunapikia alizeti. Inalimwa Dodoma na Singida kwa wingi, tunaikamua wenyewe na kuinunua kwa madumu. Ni mafuta mazuri, nami sina mpango wa kuyaacha. Ila tone la alizeti ukilisahau juu ya kabati mwezi mzima halibaki mafuta. Linageuka manjano, linakuwa zito, mwisho linanata kama ulimbo. Mafuta haya yanaungana na oksijeni ya hewani kwa urahisi, na yakishaungana chembe zake hushikana zikawa utando, kama rangi ya mafuta inavyokauka ukutani. Joto la jiko linaharakisha jambo hilo. Mawese hayana haraka hiyo. Yakipoa yanaganda, lakini ukiyamwagia maji ya moto yanaondoka.

Juu ya ulimbo huo linakuja vumbi letu. Mvua ikishakatika, kuanzia Mei hadi Novemba ardhi ni kavu, na Julai na Agosti upepo wa mashariki unaingiza vumbi hadi ndani ya droo zilizofungwa. Chujio lililokaa miezi miwili bila kuoshwa, ukilipitishia kidole, utatoka na kitu cha kahawia kinachovutika kama mlenda. Kikifikia hapo sabuni peke yake imeshachelewa.

Ndiyo maana kwangu muda unatangulia dawa. Sabuni ya kawaida ndani ya wiki mbili inakuta mafuta bado ni mafuta. Baada ya miezi sita, hata dawa kali inakuta gundi.

Kutoboa ukuta au kutotoboa

Hudi ya kutoa nje inavuta hewa, mafuta yanabaki kwenye chujio, halafu moshi, mvuke, joto na harufu vinapita kwenye bomba na kutoka. Ya kuzungusha inapitisha hewa kwenye wavu, kisha kwenye chujio la mkaa maalumu, na kuirudisha jikoni ileile. Mkaa huo unashika harufu. Haushiki mvuke, wala haupunguzi joto. Pika makande saa mbili chini ya hudi yangu ya Ilazo uone vigae vinavyotoa jasho.

Na haushiki monoksidi ya kaboni. Naomba hili lisisomwe harakaharaka. Nimeingia kwenye nyumba ambako jiko la mkaa limewekwa chini ya hudi ya kuzungusha, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi, na mwenyeji ana amani kabisa kwa sababu feni inaunguruma. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, inapita kwenye chujio kama vile chujio halipo, na inaua. Mkaa uwashwe nje, au mahali ambapo mlango na madirisha viko wazi kweli. Serikali yenyewe, kwenye Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034, na majirani zangu kadhaa wameshahamia gesi. Gesi inaondoa masizi. Mafuta ya kukaangia yanabaki yaleyale.

Kwa upande wa matunzo, tofauti ni hii. Chujio la mkaa la kawaida halioshwi. Linabadilishwa kila miezi 3 hadi 6, kutegemea unavyopika, na lazima liwe la umbo la hudi yako. La kwangu nimeliagiza Dar es Salaam mara zote, na mara moja nilisubiri wiki tano. Hudi ya bomba haina gharama hiyo, ila ina bomba. Bomba liwe fupi, kona ziwe chache, na ndani liwe laini. Lile la mikunjo kama akodiani mafundi wanalipenda kwa sababu linapinda kirahisi, lakini kila mkunjo ni kijiko cha kukingia mafuta, na hakuna brashi itakayoufikia. La kwangu Kisasa ni la bati nyororo, kipenyo cha milimita 150, urefu hauzidi mita moja na nusu.

Ncha ya nje ina kilango chepesi kinachofunguka feni ikiwashwa na kujifunga ikizimwa. Hicho ndicho kinga ya vumbi, na ndicho watu wanachokisahau. Mafuta yakikigandisha kikiwa wazi, upepo wa Agosti unaingia kwa njia ya moshi na kukushushia udongo ndani ya sufuria. Kikiganda kimefungwa, hudi inanguruma bure. Mwaka jana kilikuwa kimeganda wazi, nikakuta shomoro wamejaza nyasi urefu wa mkono ndani ya bomba. Nyasi kavu, ndani ya bomba lenye mafuta, juu ya jiko. Sasa nimefunga wavu wa matundu mapana kwa nje, na kilango nakigusa kwa kidole kila mwanzo wa mwezi kuona kama kinacheza.

Ukubwa wake si jambo la kukupotezea muda. Zidisha urefu, upana na kimo cha jiko kwa mita, halafu zidisha kwa 10. Jiko la mita 3 kwa 4 lenye kimo cha mita 3 ni mita za ujazo 36, kwa hiyo tafuta hudi inayovuta angalau mita za ujazo 360 kwa saa. Kuhusu kuitundika, fuata kijitabu chake. Kwa kawaida ni sentimita 65 au zaidi juu ya jiko la umeme, na 75 hivi juu ya gesi.

Kama una ukuta wa nje na nyumba ni yako, toboa. Kama umepanga, au jiko liko katikati ya nyumba na bomba lingelazimika kupita kwenye dari mita tano, chukua ya kuzungusha, uzoee kubadilisha mkaa na kufungua dirisha.

Wavu wa alumini au vibamba vya chuma

Wavu ni tabaka za nyuzi nyembamba za alumini ndani ya fremu. Ni mwepesi, bei yake ni ndogo, na unashika hata matone madogo ya mafuta. Udhaifu wake uko hapohapo kwenye nyuzi: mafuta yakiingia katikati ya tabaka hayatoki kwa kufuta, yanatoka kwa kulowekwa tu. Ukiusugua kwa nguvu unabonyea. Ukiutia dawa isiyoufaa unakuwa mweusi.

Vibamba vinafanya kazi kwa njia nyingine. Ni vipande vya chuma vilivyopindwa na kupishana, hewa inalazimika kukata kona ghafla mara mbili. Hewa inageuka, tone la mafuta kwa uzito wake linashindwa kugeuka, linagonga chuma, linachuruzika hadi kwenye kikombe au mfereji. Kwa hiyo havizibi upesi, na mafuta yake unaweza kuyamwaga kabla hujaosha chochote. Siku ninazokaanga perege wa Mtera kwa ajili ya oda, kikombe cha Kisasa kinapata mafuta ya kuonekana kwa macho. Mafuta hayohayo, kwenye wavu wa Ilazo, yangekuwa yamekaa katikati ya nyuzi yakigeuka ulimbo.

Vibamba ni vizito zaidi na bei yake imechangamka. Kwa nyumba inayopika mara moja kwa siku, ugali, mboga na mchuzi, wavu unatosha kabisa. Anayekaanga kila siku, iwe maandazi, chipsi au samaki, asinunue wavu. Hapo sina maneno mawili.

Ukienda kununua vibamba, chukua sumaku mfukoni. Chuma kisichoshika kutu kipo cha aina kadhaa. Kile cha namba 304 sumaku haikishiki, au inakishika kidogo mno. Cha namba 430 kinashikwa vizuri. Vyote viwili ni halali, ila 304 inavumilia chumvi zaidi, na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi ya kutosha kuacha madoa meupe kwenye glasi. Kama unaoshea maji ya kisima, ongeza hela kidogo uchukue 304.

Uoshe kwa kitu gani

Hapa ndipo mambo mengi yanapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Maji ya moto na sabuni ya vyombo.* Hii ndiyo yangu ya kila Jumapili ya pili. Nazima swichi ya hudi na ile ya kwenye boksi la umeme, nasubiri plati zipoe. Nashusha chujio na kulifuta kwanza kwa gazeti, mafuta ya juujuu yaishie kwenye gazeti na si kwenye bomba la sinki. Nachemsha maji. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na kwa kazi hii zinazidi mahitaji. Nayamwaga kwenye beseni, naweka vijiko viwili vikubwa vya sabuni, nalizamisha chujio. Dakika chache tu macho ya manjano yanaanza kupanda juu ya maji, moja moja, halafu yanaungana. Dakika 20 zikipita nachukua mswaki wa zamani na kufuata nyuzi bila kukandamiza. Nasuuza, nakung'uta, naegesha juani saa nzima. Likirudi na unyevu linashika vumbi siku hiyohiyo. Maji yote hayazidi ndoo moja ya lita 20, hata wakati wa mgao inawezekana.

Kwa maji ya chumvi sabuni haitoi povu vizuri. Usiongeze sabuni kila mara, tafuta maji ya mvua uliyokinga, au ongeza kitu kinachofuata.

*Bikabonati, ile soda ya kuokea keki.* Inasaidia sabuni pale mafuta yalipoanza kunata. Nusu kikombe kwenye beseni hilohilo. Kwa vibamba vya chuma loweka hata saa nzima. Kwa alumini weka robo kikombe, dakika 15, na usiichemshe na chujio likiwa ndani, kwa sababu bikabonati ikichemshwa inageuka kuwa kabonati, ambayo ni kali zaidi na inafifisha alumini.

*Magadi,* yale tunayotia kwenye mlenda na maharage, yana kabonati tayari. Kwa chuma ni dawa nzuri na ya bei ndogo: konzi moja, maji ya moto, glavu mkononi. Usiyapeleke kwenye alumini.

*Kostiki soda.* Inaondoa mafuta kuliko vyote, maana inayageuza kuwa sabuni, na ndiyo kazi yake kwa watengeneza sabuni. Mwaka juzi nilikuwa safarini Singida. Binti anayenisaidia aliona chujio la Ilazo limejaa, akataka kunifurahisha, akaenda kununua kostiki akaliloweka nayo. Akanipigia: "Mama, maji yanachemka yenyewe na sijayaweka jikoni." Nilimwambia atoke, afungue mlango, asiguse jiko. Alumini ikikutana na kostiki inaliwa, na wakati inaliwa inatoa joto na haidrojeni, gesi inayowaka. Jiko letu la gesi lilikuwa limezimwa, namshukuru Mungu. Nilipofika nyumbani wavu ulikuwa mweusi kama sufuria ya kuni, na ukiugusa nyuzi zinakatika. Binti alikuwa na malengelenge kwenye kifundo cha mkono, mahali glavu ilipoishia. Tangu siku hiyo kostiki haiingii nyumbani kwangu, hata kwa ajili ya chuma ambacho kingeivumilia. Ngozi na macho ya mtu ni ghali kuliko chujio. Ikimpata mtu, suuza kwa maji mengi yanayotiririka dakika 20 au zaidi, na kama ni jichoni mpeleke hospitali huku mkiendelea kusuuza.

*Siki na ndimu* hazivunji mafuta ya namna hii. Zinafaa kwa alama nyeupe za chumvi kwenye chuma baada ya kuosha: kitambaa chenye siki, kisha kitambaa cha maji, kisha kikavu. Wengi wanachanganya siki na bikabonati kwa sababu povu lake linapendeza. Povu hilo ni vitu viwili vinavyomalizana nguvu. Kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi, nawe umepoteza vyote viwili.

*Jiki* haina kazi kwenye mafuta, na inatoboa chuma vitobo vidogo vya kutu. Ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini. Iache kwenye nguo nyeupe.

*Mafuta ya taa na petroli.* Wapo mafundi wanaozitumia, na ni kweli zinayeyusha ulimbo. Mvuke wake unabaki kwenye mota na kwenye bomba, halafu jioni mtu anawasha kiberiti chini yake. Fundi akija na chupa hiyo, mkatalie kwa heshima na umwonyeshe mlango.

Waya wa kusugulia masufuria usiupeleke kwenye chuma cha hudi. Unaacha mikwaruzo, na vipande vyake vidogo vinabaki na kushika kutu. Majivu nayo yanakwaruza. Kwa umbo la nje lililokwisha kunata, dawa yangu ni alizeti yenyewe: tone la mafuta mapya kwenye kitambaa laini, pitisha polepole kufuata mistari ya chuma, acha dakika kumi. Mafuta mapya yanalainisha yale ya zamani. Kisha sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha kitambaa kikavu. Mara ya kwanza niliona haileti maana. Sasa sitoki nje yake.

Mwenyewe au fundi

Chujio, kikombe, umbo la nje na kilango ni kazi yako. Mapanga ya feni na ndani ya bomba namwachia fundi, mara moja kwa mwaka kwa Kisasa, mwezi Juni kabla upepo haujashika kasi. Mota haioshwi kwa maji, wala usiipulizie dawa ya povu, umeme wetu ni volti 230. Akimaliza, washa hudi na uweke karatasi laini chini ya chujio. Ikishikwa na kubaki hapo, kazi imefanyika. Ikidondoka, mwombe aangalie tena kabla hujamlipa.

Alichochagua wifi

Iyumbu wataweka hudi ya bomba yenye vibamba, namba 304. Mume wake alipenda moja ya kioo kilichopinda, nzuri kwa kweli, lakini chujio lake lilifungwa kwa skrubu nne, na dukani wifi alimwomba muuzaji amwazime bisibisi alifungue palepale. Dakika tano hazikutosha. Akachukua ile ya kawaida inayoshuka kwa klipu mbili, akaishusha na kuirudisha mara tatu mbele ya kaunta huku amembeba mtoto mgongoni.

Fundi ametoboa tundu Jumanne, ukuta wa magharibi, upepo usilitazame. Wifi ana mti wa mkungugu upande huo na shomoro wamejaa, kwa hiyo nimempelekea kipande cha wavu wangu kilichobaki na waya wa kukifungia.